Mafuta ya Damu na Uwezo wa Kufikiri kwa Anayetibiwa Saikosisi: Mwongozo Kamili kwa Familia

Familia nyingi za Mtwara na Lindi zinazomlea ndugu mwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyo ya kweli, hufika kliniki na swali lile lile: dawa imemtuliza, sauti zimekoma, analala usiku, lakini amenenepa, amekuwa mzito wa kukumbuka, na karatasi ya maabara inasema mafuta yamepanda, je, dawa iachwe? Daktari hushindwa kulijibu sawasawa kwa sababu karibu kila mara hakuna ajuaye mafuta yalikuwa kiasi gani kabla ya dawa, wala ndugu huyo alikuwa akikumbuka mambo kwa kiwango gani. Kuna kipimo kimoja tu, tena kilichochukuliwa baada ya chai na maandazi, na kuna maneno ya jumla kwamba "siku hizi kasahau mno".

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kuweka rekodi ya mafuta ya damu na rekodi ya kufikiri ndani ya daftari moja, kwa siku zinazokaribiana na kwa masharti yaleyale, ili zisomwe pamoja. Kazi yenyewe si ngumu, ila inaharibika kwa urahisi, na nimeeleza kila mahali inapoharibikia.

Onyo la kwanza, kabla ya hatua yoyote

Dawa ya saikosisi isipunguzwe wala kuachwa kwa sababu ya namba iliyoonekana kwenye karatasi ya maabara. Kuiacha ghafla ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuurudisha ugonjwa, na kila ugonjwa unaporudi huweza kumwondolea mtu sehemu ya uwezo aliokuwa ameupata tena. Mafuta yaliyopanda yana tiba, na muda wa kuyashughulikia upo. Kubadilisha dawa pia kunawezekana, lakini huamuliwa na daktari, polepole, na kwa kuzingatia rekodi.

Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu la kaunta, lisilochanika kirahisi, na bahasha ya nailoni ya kutunzia karatasi za maabara zisilowe wakati wa masika.
- Futi kamba ya fundi cherehani. Ile ya chuma ya seremala haizunguki kiuno vizuri.
- Mizani. Kama nyumbani hakuna, tumieni ya zahanati, mradi iwe ileile kila mara.
- Saa au simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Kadi ya kliniki, pamoja na pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo za duka la dawa na za mitishamba.
- Fedha ya kipimo na nauli, au kadi ya bima kama anayo. Uliza mapema kama bima yake inalipia kipimo hiki.
- Mtu wa pili nyumbani atakayejifunza kazi hii pamoja nawe.

Hatua ya 1: Patana na mgonjwa, kisha na wakubwa wa ukoo

Kaa naye siku ambayo ametulia, umweleze kwa maneno ya kawaida kwamba dawa anazotumia huweza kuongeza uzito na mafuta, kwamba mnataka kuyaona mapema, na kwamba daftari ni lake na anaweza kulisoma wakati wowote. Mwambie pia kwamba zoezi la maneno si mtihani na hakuna wa kufaulu au kufeli. Mtu aliyewahi kufungwa kamba na kupelekwa hospitali kwa nguvu ana sababu ya kuogopa sindano na karatasi, na asiposhirikishwa atakula njiani makusudi au atajibu hovyo, na rekodi yote itakuwa haina maana.

Baada yake wanafuata wenye sauti katika familia. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mara nyingi mjomba ndiye anayesikilizwa kuhusu matibabu na nauli. Mjomba asiyeshirikishwa tangu mwanzo husikia mwishoni tu kwamba "dawa zinamnenepesha", akaamuru ziachwe. Mweleze mpango mzima, umwonyeshe daftari likiwa bado jeupe.

Hatua hii imefanikiwa pale mgonjwa anapoweza kueleza mwenyewe kwa nini anatolewa damu, na watu wawili nyumbani wanajua daftari lilipo.

Hatua ya 2: Andika hali ya mwanzo

Wakati bora wa kuanza ni kabla ya kidonge cha kwanza au sindano ya kwanza. Kama ameshatumia dawa kwa miaka, anza sasa, na uandike juu ya ukurasa jina la dawa, kipimo chake, saa anayoinywa na mwezi alioanza. Nakili jina kutoka kwenye pakiti, kwa kuwa dawa hizi hazifanani katika kupandisha mafuta. Klozapini na olanzapini ndizo zinazoongeza zaidi uzito na mafuta ya damu. Kwetiapini, risperidoni na klopromazini ziko katikati. Haloperidoli huongeza kidogo, na aripiprazoli huongeza kidogo pia. Dawa yenye hatari ndogo bado inahitaji kufuatiliwa.

Uzito upimwe asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi. Katika wiki 6 za mwanzo za dawa mpya, upimwe kila wiki, kwa sababu uzito unaopanda upesi mwanzoni ndio unaotabiri matatizo ya baadaye. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Ongezeko la asilimia 5, ambalo kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3, ni sababu tosha ya kuzungumza na kliniki bila kungoja tarehe ya kadi.

Kiuno ndicho kinachokosewa zaidi. Watu huzungusha futi pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, wakapata namba ndogo ya kufurahisha. Papasa mbavu ya mwisho ubavuni, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, uweke futi katikati ya sehemu hizo mbili. Avute pumzi na kuitoa kama kawaida, na usome mwishoni mwa kuitoa. Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara, kipimo kinachotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kuanzia hapo, kiuno huhesabiwa kuwa kimezidi. Ukiweza, pima na shinikizo la damu siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Damu itolewe ipasavyo

Ratiba inayofaa ni kipimo kimoja mwanzoni, kingine baada ya wiki 12, kingine mwaka unapotimia, kisha kila mwaka. Dawa ikibadilishwa, ratiba huanza upya.

Zahanati ya kijijini kwa kawaida haina mashine ya kipimo hiki, ingawa inaweza kupima sukari kwa tone la kidole. Ulizia katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe: kwa walio Mtwara mjini na vitongoji vyake ni Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kwa walio Lindi mjini ni Sokoine, na kwa walio kwenye barabara ya kwenda Masasi ni Nyangao au Ndanda. Kabla ya kupanda gari, piga simu au mtume mtu aulize kama kipimo kinafanyika siku hiyo na kama vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo. Omba kipimo kamili cha mafuta, chenye namba nne: lehemu (kolesteroli) yote, lehemu ya LDL, lehemu ya HDL na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Ukipewa lehemu yote peke yake umepata robo ya habari, tena robo isiyoonyesha kinachopandishwa zaidi na dawa hizi, yaani trigliseridi. Omba na sukari ipimwe kwa damu hiyohiyo.

Sasa kuhusu kufunga. Ziko maabara zinazokubali damu ya mtu aliyekula, na si kosa, lakini trigliseridi hupanda baada ya chakula. Kwa kuwa nia yetu ni kulinganisha kipimo na kipimo, ni bora kila kipimo kichukuliwe akiwa hajala kwa saa 9 hadi 12. Mpango unaofanya kazi ni huu: chakula cha usiku kimalizike saa 2 usiku, kisiwe cha sherehe, na damu itolewe kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Maji anywe kama kawaida. Chai, hata isiyo na maziwa, isubiri. Dawa za usiku ameze kama siku zote. Za asubuhi ameze kwa maji, isipokuwa kliniki imeelekeza vingine.

Anayetoka Newala, Tandahimba au Liwale hawezi kufika mjini saa 1 asubuhi bila kulala njiani. Alale kwa ndugu mjini usiku wa kuamkia kipimo, na mwenyeji aambiwe mapema asimwandalie chai alfajiri, maana ukarimu wa mwenyeji umeharibu vipimo vingi. Beba chakula chake ale mara tu sindano inapotoka. Dawa nyingi za saikosisi huamsha njaa kali, na kumfungisha mtu wa namna hiyo hadi saa 6 mchana ni kumtesa.

Onyo: mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari asifungishwe bila maelekezo ya daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi kumwangusha.

Kipimo kiahirishwe akiwa na malaria, homa ya mapafu au ugonjwa wowote mkali, kwa kuwa ugonjwa hushusha lehemu na huweza kupandisha trigliseridi. Subiri wiki 2 au 3 baada ya kupona, na zaidi kama alilazwa au kufanyiwa upasuaji. Mjamzito hupanda mafuta kwa sababu za ujauzito. Katika mwezi wa Ramadhani, mfungaji huwa amepungukiwa maji mwilini wakati wa alasiri na saa zake za kula zimegeuka, kwa hiyo sogeza kipimo kabla au baada ya mwezi huo.

Imefanikiwa pale unaporudi nyumbani na karatasi yenye namba nne, ambayo umeiandika kwa mkono wako mwenyewe saa aliyokula mara ya mwisho na saa iliyotolewa damu.

Hatua ya 4: Soma karatasi bila kujitisha

Angalia kwanza kipimio kilichotumika. Maabara moja huandika mmol/L, nyingine mg/dL, na watu wamewahi kulia kwa kuona lehemu "imetoka 4.7 hadi 180" wakati ni kiasi kilekile. Kugeuza lehemu kutoka mmol/L kwenda mg/dL, zidisha kwa 38.67, kwa trigliseridi, zidisha kwa 88.57. Chagua kipimio kimoja na daftari zima lifuate hicho.

Kwa mmol/L, lehemu yote inafaa iwe chini ya 5.2. LDL, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa, inafaa iwe chini ya 3.4, na chini zaidi kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo. HDL, inayosaidia kuondoa lehemu, isishuke chini ya 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke. Trigliseridi iwe chini ya 1.7. Sura inayoonekana mara nyingi kwa watumiaji wa olanzapini na klozapini ni trigliseridi iliyopanda na HDL iliyoshuka, huku lehemu yote ikionekana nzuri. Ndiyo maana namba moja huficha mengi.

LDL katika maabara nyingi haipimwi moja kwa moja bali huhesabiwa kutokana na namba nyingine tatu, na hesabu ya kawaida haitegemeki trigliseridi inapopita 4.5. Ukikuta trigliseridi juu ya hapo, usiitegemee LDL iliyoandikwa pembeni yake.

Jambo la pili la kujua ni kwamba damu haitulii mahali pamoja. Kwa mtu yuleyule asiyebadilisha chochote, lehemu yote hucheza kwa asilimia 6 hivi na trigliseridi kwa asilimia 20 hivi. Kwa hiyo kutoka 1.6 hadi 1.8 si habari, kutoka 1.2 hadi 2.6 ni habari.

Hatari ya haraka: trigliseridi inayozidi 5.6 huweza kuvimbisha kongosho. Akiwa na namba kama hiyo na maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Pima kufikiri nyumbani, kwa namna inayorudiwa

Ugumu wa kukumbuka, kuzingatia na kufikiri kwa haraka ni sehemu ya ugonjwa wenyewe kwa watu wengi wenye skizofrenia, aina ya saikosisi ya muda mrefu, na mara nyingi huanza kabla ya dawa yoyote. Ndiyo sababu maneno "kasahau mno" hayatoshi. Unatakiwa ujue amesahau kuliko lini.

Zoezi hili lifanyike kila baada ya miezi 3, si kila wiki, kwa sababu akizoea atapanda kwa mazoea tu. Lifanyike saa ileile ya siku, angalau saa kadhaa baada ya dawa inayomletea usingizi, mahali pasipo redio wala watoto. Litumie lugha anayoiwaza. Mzee aliyekulia Kimakonde asipimwe kwa Kiswahili cha shuleni. Siku ambayo amelala vibaya au anasumbuliwa na sauti, acheni.

Sehemu ya kwanza ni maneno 10. Msomee polepole, neno moja kwa sekunde, kisha aseme anayoyakumbuka kwa mpangilio wowote. Mrudie mara ya pili vivyo hivyo. Baada ya dakika 20, bila kumsomea tena, aseme yaliyobaki. Andika namba tatu. Mara ya kwanza tumia orodha hii: mbuzi, sabuni, kofia, mvua, kijiko, mlango, chumvi, ndizi, kengele, kamba. Mara ya pili tumia hii: kuku, taa, mkeka, jua, sufuria, daraja, sukari, embe, ngoma, ndoo. Orodha zinazofuata zitunge mwenyewe kwa mtindo huo, za vitu vya kawaida visivyofuatana.

Sehemu ya pili ni kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika 1. Samaki na ndege wanahesabiwa. Aliyerudia jina, lihesabu mara moja.

Sehemu ya tatu, ambayo mimi naiamini kuliko zote, ni kazi moja ya maisha yake. Chagueni kazi yenye hatua kadhaa ambayo aliijua: kwenda dukani na kurudi na vitu vinne na chenji sahihi bila karatasi, kukoroga na kumaliza sufuria ya ugali wa muhogo, kuchambua korosho kwa madaraja. Andika kilichotokea, hatua kwa hatua: alisahau nini, alikumbushwa mara ngapi, ilichukua dakika ngapi. Mtu aliyesoma hadi chuo kikuu na mtu asiyeingia darasani watapata namba tofauti kabisa katika maneno, na hilo halina ubaya, kwa kuwa kila mmoja analinganishwa na nafsi yake ya miezi 3 iliyopita.

Onyo: usitangaze matokeo mbele ya watu. Na usiite zoezi hili kipimo cha ugonjwa. Ni rekodi ya kumsaidia daktari.

Hatua ya 6: Soma safu mbili pamoja

Hapa ndipo kazi yote ilipokuwa inaelekea. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima, kushoto uandike uzito, kiuno, shinikizo, sukari na mafuta. Kulia maneno, wanyama na ile kazi. Mfano wa kubuni: mwanzoni uzito kilo 58, trigliseridi 1.2, maneno ya dakika 20 yakiwa 6. Baada ya wiki 12 uzito kilo 63, trigliseridi 2.6, maneno 6. Uzito umepanda kwa karibu asilimia 9 na trigliseridi imezidi mara mbili, ilhali kumbukumbu haijatikisika. Huu ndio wakati mzuri wa kuchukua hatua, kwa sababu mishipa bado haijapata madhara ya miaka.

Ni muhimu kuelewa kwa nini nasema mishipa. Ubongo, wenye asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, umebeba takribani asilimia 20 hadi 25 ya lehemu yote ya mwili, lakini huitengeneza wenyewe. Ile ya kwenye damu karibu yote haivuki ukuta unaoulinda ubongo. Kwa hiyo haifai kufikiri kwamba mafuta ya chakula yameingia kichwani na kuziba akili. Njia inayoeleweka zaidi ni ndefu: mafuta, sukari na shinikizo vikikaa juu kwa miaka huchakaza mishipa midogo inayolisha ubongo. Miongoni mwa watu wenye skizofrenia, wale walio na kisukari, shinikizo la juu au mkusanyiko wa matatizo hayo pamoja na kitambi wameonekana kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufikiri kuliko wenzao wasio nayo. Kwa mafuta peke yake matokeo ya tafiti hayalingani, na wako wagonjwa ambao mafuta yao yalipanda huku dalili zikipungua, kwa sababu dawa iliyopandisha mafuta ndiyo iliyowatuliza. Mambo mawili kwenda pamoja hakutoshi kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine.

Ikiwa kumbukumbu imeshuka na upande wa kushoto haukubadilika, usiyalaumu mafuta. Angalia pakiti za dawa. Benzheksoli, inayotolewa kuzuia mikono kutetemeka na misuli kukaza, hupunguza kumbukumbu waziwazi, na wengine huendelea kupewa kwa miaka baada ya haja yake kwisha; amitriptilini, dawa ya huzuni, na klopromazini nazo zina tabia hiyo. Muulize daktari kama benzheksoli bado inahitajika, na usiikate mwenyewe. Angalia pia usingizi, kukoroma kwa nguvu kunakokatizwa na kukosa pumzi, huzuni, bangi, na uraka (pombe ya mabibo) au gongo, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, msimu wa mabibo na fedha za korosho.

Ikiwa pande zote mbili zimeharibika kwa pamoja, LDL imepanda, mtu amekuwa mzito, anasikia baridi, sauti imekwaruza na choo ni kigumu, muombe daktari apime tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Tezi iliyopungua nguvu hupandisha lehemu na kupunguza kasi ya kufikiri, na dawa ya lithiamu, ambayo hupewa baadhi ya wenye saikosisi inayoendana na hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ni chanzo kinachojulikana. Tatizo hili lina tiba, na inauma kuona mtu ameishi nalo kwa miaka likidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa akili umezidi.

Mafuta yakishuka na kumbukumbu isipande, kazi haikupotea bure, kwa maana moyo umepunguziwa hatari hata kama orodha ya maneno haijasogea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye skizofrenia na magonjwa mengine makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na magonjwa ya moyo ni sababu kubwa.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa au siku chache, kamwe si habari ya mafuta. Homa, misuli iliyokakamaa na jasho jingi kwa mtumiaji wa dawa hizi, au mdomo kwenda upande na mkono kulegea, ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Hatua ya 7: Rekebisha sahani bila kumwadhibu

Njaa inayoletwa na olanzapini ni ya dawa, si ulafi, na kumfungia kabati kunazaa ugomvi. Badilisheni chakula cha nyumba nzima.

Wengi huanza kwa kuondoa samaki na nyama, wakaacha soda. Kwa trigliseridi hapo wamekosea, kwa sababu sukari, unga mweupe na pombe ndivyo vinavyoipandisha zaidi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari au zaidi. Anza na soda, sukari ya chai, maandazi, vitumbua na chapati. Kisha mafuta ya kupikia: yanayoganda, mengi yao ya mawese, yabadilishwe kwa alizeti au ufuta, na kwa kiasi cha kijiko badala ya kumimina. Tui la kwanza la nazi lina mafuta mazito. Mboga ipikwe kwa tui jepesi, au kwa siku chache za wiki.

Vilivyopo huku kwetu vinatosha kabisa: mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, kisamvu, dagaa, vibua. Samaki wenye mafuta kama vibua husaidia kushusha trigliseridi wakiliwa kwa kuchemshwa au kuchomwa, si kwa kukaangwa hadi wakauke. Korosho ina mafuta mengi ya aina nzuri, lakini gramu 100 zinabeba kalori 550 hivi, kwa hiyo ni ujazo wa kiganja kimoja cha mkono kwa siku badala ya kitafunwa kingine. Ugali wa muhogo na ming'oko (viazi vya porini) viliwe, ila sehemu yake kwenye sahani isizidi robo, nusu ikiwa mboga. Kutembea dakika 30 siku nyingi za wiki, pamoja na mtu anayempenda, kuna faida kwa mafuta, kwa usingizi na kwa kufikiri.

Onyo ambalo wachache hulijua: moshi wa sigara huharakisha ini kuondoa olanzapini na klozapini mwilini. Mvutaji akiacha ghafla, dawa hupanda katika damu na anaweza kusinzia kupita kiasi au, kwa klozapini, kupata degedege. Aache sigara, lakini kliniki ijulishwe kabla ya siku ya kuacha ili kipimo cha dawa kiangaliwe.

Hatua ya 8: Peleka daftari kliniki

Muda wa daktari ni mfupi, kwa hiyo fungua ukurasa wenye safu mbili na uulize maswali mahususi: Je, namba hizi zinahitaji dawa? Je, kipo kidonge kinachoweza kupunguzwa? Je, ipo dawa nyingine ya saikosisi isiyopandisha mafuta ambayo inamfaa, na tukibadilisha, dalili za kurudi kwa ugonjwa ni zipi? Kipimo kijacho ni lini?

Daktari anaweza kuanzisha atovastatini au simvastatini, dawa za kundi la statini, kwa ajili ya LDL, au metformini kwa ajili ya uzito na sukari. Zote zinaweza kutumiwa pamoja na dawa za saikosisi kwa uangalizi. Usinunue statini dukani kwa kuiga jirani. Kwa kawaida haipewi mjamzito, na baadhi ya viuavijasumu, kwa mfano klarithromisini, huizidishia nguvu hadi kuumiza misuli. Hofu kwamba statini huharibu kumbukumbu haikuthibitika katika majaribio makubwa. "Dawa za kusafisha damu" zinazouzwa stendi zitajwe kwa daktari kama zimeshatumika, bila kuficha.

Hatua hii imefanikiwa pale unapotoka na majibu yaliyoandikwa ndani ya daftari, tarehe ya damu ijayo, na jina la mtu atakayeendeleza kazi wewe ukiwa shambani. Kama mgonjwa anahamia kwa ndugu mwingine, daftari na bahasha ya karatasi za maabara viende pamoja naye, na mlezi mpya aonyeshwe kwa vitendo mahali futi inapokaa kiunoni na saa ambayo maneno husomwa.